Diski Zilizolazwa Kitandani

Siku mliyoniaga, katikati ya keki na hotuba ndefu ya mkurugenzi, mmoja wenu aliniinamia akaniuliza kama ni kweli diski za redio yetu ziliwahi kulazwa kitandani kama wagonjwa. Nilimjibu kwamba ni kweli kabisa, na nitamwandikia kisa chote nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo, tena ya kupita kiasi, maana wajukuu wako shule na mume wangu hataki niiguse redio yake. Vyeo nitaviruka. Mshahara mnaujua, ni huohuo mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi.

Nilizaliwa Bwiza, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, binti wa fundi redio aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti. Nilijua kushika lehemu kabla sijajua kusuka nywele, jambo ambalo mama yangu hakulifurahia. Vita vilipoanza nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, nakaa nyumbani bila kazi. Redio ikanichukua kwa sababu mtu wao wa kanda alikuwa amekimbilia nje ya nchi na hakuna aliyejua kuvuta kanda bila kuikata. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya dada yangu ili nionekane mtu wa ofisi. Vilinibana mpaka nikavivua, nikashinda pekupeku kwenye chumba cha kanda, na hivyo ndivyo fundi mkuu alivyonikuta.

Fundi mkuu huyo alikuwa Déo. Aliitazama miguu yangu, akaitazama kanda niliyokuwa naiunga, akasema, "Muungo ni muzuri. Viatu utanunua vingine." Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Déo alikaa Ngagara, kwenye zile karitie, yaani mitaa, zenye namba, na nadhani namba hizo zilimwingia kwenye damu, kwa sababu kila kitu alikiandika namba: waya, plagi, bisibisi, hata kikombe chake cha chai. Chai yenyewe aliitia sukari mpaka kijiko kikasita kuzunguka. Neno lake kubwa lilikuwa "doucement", yaani taratibu. Alilisema nilipokimbia, nilipokasirika, na hata nilipokuwa nimesimama tu. Nilimpenda mzee yule kama baba wa pili, na nikimwandika sasa bado namsikia akiniambia doucement.

Miaka ile mipaka ilikuwa imefungwa kwa vikwazo na kanda mpya hazikuingia. Kazi yangu kubwa ikawa kufuta za zamani ili turekodi nyingine. Nilifuta hotuba, nilifuta mpira, sikujali. Lakini tulikuwa na kipindi cha watu wanaotafutana. Waandishi wetu walikwenda kwenye kambi za waliokimbia makwao, za hapa nchini na za ng'ambo ya mpaka, wakawapa watu kinasa sauti waseme wao ni nani na wanamtafuta nani. Sauti hizo zilisikika hewani mara moja au mbili, kisha kanda inarudi kwangu ifutwe, hata kama mtu hajapatikana. Iliniuma. Kuna siku nilizificha nyingine chini ya meza, na Déo alipoziona alisogeza boksi kuzifunika vizuri zaidi.

Ndipo redio moja rafiki huko Ulaya ilipobadilisha mitambo yake ikatuletea ile ya zamani. Lilikuja kabati la chuma refu kuliko Déo, lenye rafu mbili zilizojaa diski, kila diski na mkono wake wa kuivutia. Kwa Kifaransa linaitwa baie, nasi tukaliita hivyo hivyo, la baie. Wapagazi waliolipandisha ngazi waliuliza kama ni friji. Déo akawajibu ndiyo, ni friji ya sauti. Mpishi wa kantini alilisikia neno friji tu, akawa anapita kila siku kuuliza litafunguliwa lini aweke fanta zake.

Ninyi leo mnabofya mara mbili, mashine inawapangia diski yenyewe, halafu mnakwenda kunywa chai. Sisi Déo alitukataza kugusa kibodi kabla hatujachora. Alichukua chaki, akachora rafu mbili sakafuni pamoja na kila tundu, kisha akaleta vifuniko vya chupa alivyoviokota kwenye buveti, kibaa cha jirani. Vifuniko vya bia vilikuwa kundi la kwanza, vya soda kundi la pili. Tulipiga magoti tukavipanga, naye akija na kutoa kimoja kwa kidole cha mguu. "Hii imekufa. Nani analia?" Ukishindwa kumjibu, unapanga upya. Mara nyingine alikiondoa kifuniko kimoja kila rafu, mara nyingine rafu nzima, na uso wake ukawa wa mtu anayefurahia msiba.

Jambo lenyewe, kwa mgeni wa fani hii, ni hili. Diski moja ikiwa peke yake, ikifa inakufa na mzigo wake. Ukiziweka kwenye kundi, kila moja inabeba sauti, tena inabeba na hesabu ya wenzake. Ikifa moja, zilizobaki zinajumlisha na kutoa, na kile ilichokuwa nacho kinapatikana tena, kinaandikwa kwenye diski ya akiba ambayo inakaa pale tupu ikisubiri balaa. Zikifa mbili za kundi moja kwa pamoja, kwaheri. Na diski za rafu moja, zikila joto lilelile, huchoka kwa pamoja; ndiyo maana Déo alitaka kila kundi lichukue diski kutoka rafu ya juu na ya chini, zisikae zote upande mmoja. Mpaka leo nikiona kijana amepanga kundi zima kwenye rafu moja kwa sababu ni rahisi kukumbuka, mkono unaniwasha.

Mpango wetu wa kwanza, pamoja na magoti yote yale, ulikuwa mbaya. Haukuwa mbaya kwa ufundi, ulikuwa mbaya kwa sababu ulifanana na mji wetu. Wakati ule kila mtu Bujumbura alikuwa amejifungia kwenye karitie yake, na kuna barabara usizovuka. Wakuu wa idara nao wakataka hivyo hivyo ndani ya baie: Kirundi wawe na kundi lao, Kifaransa lao, Kiswahili lao, na asiwepo wa kuingia kwa mwingine. Mkali kuliko wote alikuwa Aloys, mkuu wa Kifaransa, mtu wa tai na manukato. "Mes disques à moi, Déo, diski zangu mwenyewe," alisema. "Sitaki mutu ananiingilia mule ndani." Tukawagawia. Kifaransa wakapata diski nyingi kwa sababu Aloys alipiga kelele nyingi. Kiswahili tukapata zilizobaki, na ninasema tukapata kwa sababu na mimi ni mtu wa Bwiza.

Haikuchukua muda. Kirundi, walio na kipindi cha wanaotafutana, wakajaa mpaka shingoni, nami nikaambiwa nianze tena kufuta. Wakati huo huo kundi la Kifaransa lilikuwa tupu kama uwanja wa mpira Jumatatu, maana Aloys alirekodi mahojiano na vipande vya muziki basi. Nilikwenda kwa Déo nikiwa na hasira. Nikamwambia sifuti sauti ya mtu anayemtafuta mama yake wakati kuna nafasi mlango wa pili. Hakuniambia doucement siku ile. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha wakuu, mimi nyuma yake.

"Aloys, uko na nyumba ya vyumba kumi, unalala mu chumba kimoja," alisema. "Mujirani analala inje na watoto. Na we umefunga mulango na cadenas."

"Ni nyumba yangu," Aloys akajibu.

"Apana. Ni ya redio. Hata we ni wa redio."

Kikao kilikuwa kirefu, na kuna maneno yaliyosemwa ambayo siyaandiki kwa sababu baadhi ya wasemaji bado wanasali msikiti mmoja na mimi. Lakini mwisho Déo alishinda. Tulihamisha sauti huku na huku kwa zamu, tukavunja makundi ya zamani, tukaunda mawili makubwa yenye kuvuka rafu zote mbili, kisha tukayaunganisha kuwa kitu kimoja. Kwenye kitabu cha mashine kinaitwa pool. Mimi nilikiita ghala. Kila idara ilikatiwa sehemu yake ndani ya ghala, ikipungukiwa inaongezewa, na hakuna aliyejua tena diski ipi ni ya nani, kwa sababu mashine ilikata kila sauti vipande vidogo na kuvitawanya kwenye diski zote. Diski moja tukaiacha nje ya makundi kuwa ya akiba, na Déo akaibandika utepe mwekundu. Nyingine zote aliziandika namba, kama mnavyoweza kukisia.

Najua mnachotaka kuuliza: na nakala ya pili? Mashine ya nakala ya pili ilikuwa njiani. Ilikuwa njiani mwaka ule, na mwaka uliofuata pia ilikuwa njiani. Kwa kadiri ninavyojua, bado inakuja.

Hapa inabidi niwajulishe Salvator. Alikuwa mlinzi wetu wa mchana, mtu wa makamo, mrefu, mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Alikaa mtaa wa Cibitoke peke yake. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee, Goreti, walipoteana naye watu walipokimbia. Siku moja mwandishi wetu alirudi kutoka kambi ya ng'ambo na sauti nyingi, nami nilipokuwa naziingiza kwenye baie nikamsikia msichana akisema kwa Kirundi kwamba yeye ni Goreti, anamtafuta baba yake Salvator wa Cibitoke, aliyekuwa na koti refu la mvua. Nilishuka ngazi mbio kumwita. Alisikiliza akiwa amesimama wima kama mbele ya bendera. Akaomba ruhusa ya kwenda kumchukua, akapewa. Kabla hajaondoka, watu waliotoka kambi ile wakamletea habari kwamba homa ilikuwa imemtangulia. Goreti alikuwa amezikwa kule.

Baada ya hapo, kila Ijumaa wakati wa chakula, Salvator alipanda juu, nami nikamwekea sauti ile. Hakuwa na picha ya binti yake. Hakuwa na kitu kingine. Aliisikiliza, akashukuru, akarudi getini. Ijumaa moja alilitazama lile kabati na taa zake za kijani, akamwuliza Déo, "Chef, mutoto yangu iko mu gani hapa?"

Déo alifikiri jinsi ya kujibu. "Iko mu zote, Salvator. Kidogo huku, kidogo huku. Hakuna yenye haina kipande chake."

Salvator aliitikia kwa kichwa polepole, kisha akapitisha kiganja mbele ya diski zote, mstari kwa mstari, bila kuzigusa. Nadhani jibu lile lilimfurahisha. Na jibu hilohilo ndilo lililotuletea kasheshe.

Ilikuwa katika zile siku ambazo mabomu yalikuwa yakirushwa mjini kutoka milimani. Yalianza asubuhi, tukalala chini kwenye korido, Aloys na tai yake, mpishi na mwiko wake. Yalipopungua kidogo Déo akatutoa nje, kila mtu aende kwa watu wake. Nilitaka kurudi kuzima mitambo, akanishika mkono. "Viache. Vyuma havina mama." Tukamwacha Salvator akifunga geti, naye akasema atatufuata. Kwetu Bwiza tulijifungia ndani siku kadhaa, tukila maharagwe na kusikiliza redio za nchi jirani zikitusimulia habari zetu.

Tuliporudi, ukuta wa ua ulikuwa umelala chini na jenereta limeishiwa mafuta. Ndani vitu vyote vilikuwepo, hata birika. Lakini kwenye chumba cha mitambo niliona baie imesimama gizani na matundu matupu, kama mdomo uliong'olewa meno yote. Hapakuwa na diski hata moja. Salvator naye hayupo. Nikakaa sakafuni. Sauti zote za wanaotafutana zilikuwa mle, na kanda zake nilikuwa nimezifuta kwa mikono yangu.

"Ni mulinzi," Aloys alisema. "Ameziuza."

"Amemuuzia nani?" Déo akamwuliza. "Nani Buja hii iko na baie ku nyumba?"

Tulichukua teksi, mimi na Déo, tukaenda Cibitoke. Salvator alitufungulia mlango akiwa na koti lake, macho mekundu, akatuambia tuingie taratibu. Chumbani, juu ya kitanda, diski zilikuwa zimepangwa mstari kwa mstari, kila moja imeviringishwa kipande cha kitenge cha marehemu mkewe, na shuka limefunikwa juu yake. Chini palikuwa na mkeka. Yeye alikuwa akilala hapo.

"Chef, usinifunge," alisema. "Ile ukuta ilianguka, nikasema sasa ni nyumba. Mi sina mukokoteni, baie siwezi kubeba. Na ulinambiaka mutoto iko mu zote. Ningebeba gani, ningeacha gani?"

Mtu yeyote wa mji ule angelifanya hivyo hivyo. Kwa miaka yote ile tulikuwa tumezoea kuchagua cha kubeba: unafunga mlango, unabeba kilicho na thamani na kisicho kizito, unakimbia. Salvator aliifanyia mashine kile ambacho sote tulizifanyia nyumba zetu. Sisi tulimwambia thamani iko wapi, hatukumwambia kwamba diski hazing'olewi mashine ikiwa inazunguka.

Déo alizihesabu. Ilipungua moja. Alipouliza, Salvator alikaa kwenye kona ya kitanda na kujifunika uso. Njiani, kwenye kizuizi, kijana mwenye bunduki alifungua gunia lake, akaona vyuma vinang'aa, akasema anachukua kimoja. "Alisema nichague mwenyewe ya kumupa," Salvator alisema. "Nikafunga macho nikatoa moja. Sijue nilimupa kichwa ya mutoto yangu ao mukono yake."

Nililia pale, nasema wazi. Kisha nikamshika bega nikamweleza yale ya hesabu: kwamba ile iliyochukuliwa wenzake wanajua ilibeba nini, na tukiwarudisha wote mahali pao wataandika upya kile ilichokuwa nacho kwenye ile ya akiba. Alinisikiliza kwa makini sana.

"Sasa itakuwa ni yeye mwenyewe," akauliza, "ao ni mwenye kumufanana?"

Déo ndiye aliyejibu. "Ni yeye mwenyewe. Kama kazi itaenda muzuri."

Hilo neno la mwisho aliliongeza kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya. Kundi lililopungukiwa moja lilikuwa halina tena nafasi ya makosa. Ikigoma diski nyingine moja tu humo, kwa vumbi au kwa mtikisiko wa njiani, kundi limekufa, na kwa kuwa makundi yote mawili yalikuwa ghala moja, limekufa na ghala. Tulirudi mjini na diski magotini, nyingine kwenye beseni lililofunikwa kitenge, na kila shimo la barabara Déo alimgonga dereva begani. Dereva alituuliza kama tumebeba mayai. Déo akasema ndiyo.

Namba zake, ambazo tulikuwa tumezicheka miaka yote, zilituambia kila diski irudi tundu gani. Kabla ya kuwasha alimleta Salvator mbele ya baie akamwomba amwonyeshe kwa mikono alivyozitoa. Salvator alianza na ile ya utepe mwekundu. "Hii mulikuwa mumeipa alama. Nikasema hii ndiyo mukubwa yao." Ilikuwa ya akiba, tupu kabisa. Déo alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini ilitusaidia: kwa kuwa akiba ilitoka ya kwanza, mashine haikupata mahali pa kuanza kuandika hesabu za nusu nusu. Déo alikuwa na swali moja tu lililobaki.

"Wakati unatoa, kulikuwa mutu anarekodi?"

"Apana. Mulikuwa mumeenda wote. Studio ilikuwa bule."

Déo alipumua. Hakuna kilichoandikwa wakati zinatoka moja moja, kwa hiyo iliyotoka mwanzo na iliyotoka mwisho zote zina habari zilezile, na tunaweza kuziamini zote. Akawasha. Nilisoma Ayatul Kursi, na Déo, ambaye kanisani alikwenda Pasaka na Noeli, akafanya ishara ya msalaba. Taa ziliwaka moja baada ya nyingine, rafu ya juu, kisha ya chini. Moja ilikawia. Tuliitazama, ikawaka ya njano, ikawaza, ikageuka kijani. Mashine ilikiri kwamba inazitambua, ikalalamika kuhusu ile isiyokuwepo, ikaanza kuandika kwenye ile ya akiba.

Sasa kazi ikawa ni umeme usikatike mpaka imalize, na umeme wa mji haukuwepo. Jenereta lilikuwa na mazutu, yaani dizeli, kidogo tu, yale tuliyokomba kwenye madumu ya stoo ili kuwasha. Nilishuka kusema hivyo korido, nikijiandaa kugombana. Aloys alivua koti lake la suti, akachukua mpira wa maji wa bustani, akaenda kwenye gari lake na kunyonya mazutu kwa mdomo wake mwenyewe. Alitema, akatukana kwa Kifaransa kizuri, akajaza dumu. Mkuu wa Kirundi akampigia shemeji yake mwenye lori. Kiswahili tukaleta kutoka kwa wenye gereji wa Bwiza, ambao nilisoma nao. Hewa ya baridi haikuwepo, basi tukafungua madirisha na kupepea kwa maboksi kwa zamu, na Aloys alipepea akinuka mazutu na manukato kwa pamoja. Siku ile nilimsamehe mambo mengi.

Salvator hakuingia. Alikaa kwenye kizingiti na miguu nje, na kila nilipopita aliniuliza, "Dada Hadija, inaandika bado?" Nikamjibu inaandika. Ilikuwa inaandika asubuhi, ikawa inaandika watu wakila, ikawa inaandika jua likielekea Kongo. Ilipomaliza haikupiga kelele wala nini. Ule mstari wa onyo ulitoweka tu kwenye kioo, na Déo akavua miwani akaifuta kwa shati kwa muda mrefu.

Wakuu wote waliingia kwa pamoja, kila mmoja akitaka tumfungulie sauti zake aone. Déo akawazuia mlangoni. "Wa kwanza ni Salvator." Hakuna aliyebisha. Nilitafuta faili la Goreti, nikamkalisha Salvator kwenye kiti changu, nikamvalisha visikilizio. Nikabonyeza.

Nilikuwa nimeisikia sauti ile Ijumaa nyingi, kwa hiyo nilijua kwa uso wake ilipofika. Alifunga macho. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeitwa jina. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye mwenyewe."

Kisha, kabla binti yake hajamaliza kusema, alivua visikilizio, akaviweka mkononi mwangu na kuvikunjia vidole vyangu.

"Huyu nimeshajua iko wapi," alisema. "Anzeni na wale wenye wanatafutwa bado."

Aliinuka, akaweka koti lake sawa, akashuka. Déo alinitazama, nami nikamtazama Aloys, maana saa ile hewani ilikuwa ni ya Kifaransa. Aloys akasema, "Weka." Tukafungua matangazo yetu ya kwanza tangu mabomu kwa sauti ya mwanamke mmoja anayemtafuta mumewe na wanawe wawili, na baada yake mwingine, na mwingine. Miaka ile watu wakisikia majina yao hawakupiga simu. Walikuja wenyewe kwa miguu. Niliinama dirishani nikamwona Salvator amesimama kwenye geti lililobaki bila ukuta, mkono kwenye komeo, anasubiri.

Kipindi hakijafika nusu, watu wakaanza kugonga geti.